Galoni, painti, jili na wakia katika daftari la zamani: ni lita ngapi?

Fundi Samani, Keko

Ndugu zangu, habari za kazi. Nimerithi daftari la marehemu babu yangu, aliyekuwa seremala hapa Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Ndani yake mna mchanganyiko wa kung'arishia samani za mninga ambao ninatamani sana kuutumia tena: galoni moja ya mafuta ya kitani, painti mbili na nusu za tapentaini, jili moja ya siki, wakia tatu za spiriti na wakia nne za nta ya nyuki. Vyombo vyangu vyote ni vya lita, na nilipotafuta mtandaoni nilikuta galoni ikitajwa mahali pamoja kuwa lita 4.546 na mahali pengine lita 3.785, ilhali galoni ya rangi ninayonunua dukani ina lita 4. Naomba kujua ipi ndiyo ya daftari hili, na vipimo vidogo vinatokana nayo vipi. Ukurasa mwingine unataja debe, na pia pipa la galoni 44.

Mwalimu wa Hisabati, Ubungo

Ndugu Fundi, pole kwa msiba, na hongera kwa kulitunza daftari hilo. Kwa kuwa liliandikwa Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, galoni yake ni ya Kiingereza, ambayo sheria ya mwaka 1824 iliiweka kuwa ujazo wa ratili 10 za maji safi, na ambayo leo ni lita 4.54609 kamili. Lita 3.785 ni galoni ya Marekani, nchi iliyobaki na galoni ya mvinyo ya inchi za ujazo 231 iliyotumika Uingereza kabla ya sheria hiyo.

Galoni ya Kiingereza ina kwati 4, painti 8, jili 32 au wakia za ujazo 160. Kwa hiyo painti ni mililita 568, jili ni 142, na wakia ni 28.4. Mafuta yako yatakuwa lita 4.55, tapentaini lita 1.42, siki mililita 142 na spiriti mililita 85. Usichanganye majedwali, kwa sababu galoni ya Marekani nayo ina painti 8, lakini painti yake ina wakia 16 badala ya 20, yaani mililita 473 tu, na ukiitumia hiyo kwa tapentaini peke yake utapunguza karibu glasi nzima.

Mchanganya Rangi, Temeke

Mwalimu amesema kweli tupu. Naongeza jambo ambalo kwa fundi naliona kubwa kuliko hesabu yenyewe: mchanganyiko ni uwiano, hivyo si lazima ufikie lita 4.55. Kosa la kuogopa ni kumimina galoni ya dukani yenye lita 4 za mafuta, kisha kupima vingine kwa painti ya mililita 568, kwa maana mafuta yatapungua kwa asilimia 12 na vingine vibaki vilevile. Ukiamua kwamba galoni yako ni lita 4, basi igawanye yote kwa mpangilio uleule wa Kiingereza, nayo painti itakuwa nusu lita, jili mililita 125 na wakia mililita 25. Hapo kazi inakuwa nyepesi mno: mafuta lita 4, tapentaini lita moja na robo, siki mililita 125, spiriti mililita 75.

Fundi Samani, Keko

Ahsanteni sana, walimu wangu. Je, wakia nne za nta nazo ni za ujazo? Niiyeyushe kwanza ndipo niipime?

Mchanganya Rangi, Temeke

Hapana, ndugu yangu. Nta huja ikiwa kipande, na mafundi wa zamani waliipima kwa mizani, kwa hiyo hiyo ni wakia ya uzito, yenye gramu 28.35. Wakia nne ni gramu 113 kwa galoni kamili ya babu, au gramu 100 kwa galoni yako ya lita 4.

Mtunza Ghala, Kurasini

Kuhusu ule ukurasa mwingine, debe la wakati huo lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18.2, hivyo usilijaze kwa ndoo ya siku hizi ya lita 20. Pipa la galoni 44 ni lita 200, na ukikuta pipa lilelile limeandikwa galoni 55, mwandishi ametumia galoni za Marekani, ambazo zinafika kama lita 208, kwa sababu ukubwa wa mapipa haya hutajwa kwa makadirio.