Mama ana uvimbe wa pituitari, ripoti inasema karotidi zimekaribiana. Tukubali upasuaji?

Wakuu, heshima kwenu. Mama ana miaka 58. Pete ilimkwama kidoleni, viatu vikawa havimwingii, tukadhani ni unene tu. Kumbe homoni ya ukuaji imezidi, na MRI imeonyesha uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Wanataka kuutoa kwa kupitia puani. Kinachoninyima usingizi ni mstari mmoja wa ripoti: mishipa ya karotidi, ya kulia na ya kushoto, imeachana milimita 9 tu. Daktari aliupita juu juu, nami nikaona aibu kuuliza. Si ndiyo inayopeleka damu kwenye ubongo? Ikiguswa inakuwaje?

MvaaGlovu: Pole sana, ndugu. Ndiyo hiyohiyo. Tezi imekaa kwenye kishimo cha mfupa, karotidi moja huku, nyingine kule. 9 ni finyu ila si ajabu. Watafiti Renn na Rhoton mwaka 1975 waliandika kwamba kwa baadhi ya watu karotidi hufika ndani ya milimita 4 tu kutoka mstari wa katikati. Nimehudumia upasuaji huu mara nyingi. Kabla ya kupasua utando wa tezi, daktari anagusisha kijiti cha Doppler, kinachosikiliza damu ikipita mshipani, chumba kizima kimya, mnasikia shwa… shwa… shwa. Ikilia hapo, hapapasuliwi. Anasogea mpaka pakimya. Uliza kama wanacho.

Mitishamba1: Msimpasue mama, kuna mizizi ya hiyo kitu.

MvaaGlovu: Mkuu, homoni hiyo ikiachwa inaharibu moyo. Tuheshimu uzi wa mwenzetu.

MtuWaPicha: Ongezea CT ya mishipa. Wenye homoni ya ukuaji nyingi mara nyingi karotidi zao zimepanuka na kupindapinda. Halafu kuna kiukuta chembamba cha mfupa ndani ya sinasi ya sfenoidi, yaani uwazi wa hewa ulio nyuma ya pua, mbele ya tezi. Watu hudhani kiko katikati, kumbe mara nyingi kimeegemea upande na kujishikiza kwenye mfupa uliofunika karotidi. Ukikivunja kwa kukisokota, unaweza kuondoka na mshipa. Hicho husagwa taratibu kwa drili, na CT ndiyo inayokionyesha vizuri.

NimepitaHuko: Shikamoo kwa mama. Mimi nilipasuliwa, na kipande kilichokuwa kimeukumbatia mshipa walikiacha makusudi, nikamaliziwa kwa mionzi. Nilikasirika, baadaye nikaelewa. Kuhusu swali lako, mshipa kujeruhiwa hutokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, lakini ukitokea ni balaa: wanaziba kwa kipande cha msuli, kisha wanakukimbiza anjiografia, chumba cha kupiga picha mishipa na kuitibu kwa ndani. Kwa hiyo muulize daktari kinagaubaga amefanya wangapi, na anjiografia iko jengo hilohilo? Na hata wiki kadhaa baadaye, pua ikimwaga damu nyingi, msingoje asubuhi.

Mwenye uzi: Marahaba, amezipokea. Leo nimerudi na maswali yenu kwenye karatasi. Doppler wanayo, CT ni Jumatano, anjiografia iko ghorofa ya chini. La idadi amelijibu bila kukunja uso, akanichorea na kile kiukuta. Mama naye akauliza lake: pete itatoka kidoleni? Ameambiwa uvimbe wa vidole utapungua, ila mifupa iliyokwisha kukua hairudi. Akasema basi pete ikatwe, na upasuaji amekubali.