Shibiti ya Rukia imetoa maua

Kikundi: KINA BI MIZE 🌴 Wete – Unguja – Muscat

[06:48] Rukia: Assalaam alaikum wa nyumbani. Bibi shikamoo, Ami shikamoo, Shangazi shikamoo. Nimeamka nimekuta hivi 👇🏾

[06:48] Rukia: [Picha]

[06:49] Rukia: Shibiti yote (ile dill ya kiungo) ya ukuta wa mashariki imetoa maua, miavuli ya njano. Juzi tu ilikuwa majani matupu. Ami Seif, mpishi wenu wa hotelini si aliagiza majani ya Alkhamis? Niyakate haya maua au?

[06:57] Hamadi: Waalaikum salaam. Mie hapo naona shamari

[06:58] Rukia: Hamadi usinianze asubuhi

[06:58] Hamadi: Nauliza tu dada angu 😂

[07:03] Shangazi Salma: Marahaba mwanangu. Hamadi, fikicha jani unuse. Shamari ina harufu ya utamu, zile mbegu mnazotafuna baada ya biriani. Shibiti ina ukali wake mbali, na jani lake lina rangi ya buluu kidogo ukilitazama juani. Hizo ni mbegu nilizompa mwenyewe nilipokuja Ramadhani.

[07:15] Ami Seif: Marahaba Rukia. Usihangaike kukata. Ukikata mwavuli mmoja inatoa mwengine pembeni, na majani yanazidi kuwa madogo. Ikishaamua kuzaa imeamua. Hii mimea ya baridi, joto letu linaikimbiza kwenye maua hata hichi kipupwe, na ikikosa maji siku mbili ndio kabisa. Alkhamis chuma yale ya chini ambayo bado laini, mpishi nitasema naye mie. Lakini maua usitupe!! Hayo ndiyo nayataka zaidi.

[07:17] Rukia: Maua ya nini tena?

[07:21] Ami Seif: Matango ya chumvi. Hapa Kiwengwa wageni wengi wanatoka Poland, wale bila ya shibiti hawajala. Mbatata za kuchemsha shibiti, supu shibiti, samaki shibiti. Na matango yao ya chumvi hayatiwi siki, yanachachushwa kwa maji ya chumvi, na kinachotiwa chupani khasa ni huo mwavuli wenye maua au mbegu changa, si jani.

[07:22] Shangazi Salma: Seif tupe kipimo, usituachie hadithi

[07:29] Ami Seif: Haya. Matango madogo magumu, uyakate ile ncha ya upande wa ua, ukiiacha yanalegea. Chupa ya kioo iliyochemshwa. Chini mwavuli wa shibiti, thomu iliyomenywa, pilipili nzima ukitaka. Chumvi gramu 50 kwa lita moja ya maji, chemsha, ipoe kabisa, mimina mpaka matango yazame. Weka kisahani juu yabaki chini, kinachoelea ndicho kinachoota ukungu. Usifunge kifuniko kikakaza maana kuna hewa inatoka. Kwa joto letu siku tatu nne yako tayari, yapeleke kwenye friji. Maji yakiwa meupe kama ya kuoshea mchele usiogope, ndivyo yanavyotakiwa. Yakinuka uvundo mwaga.

[07:30] Hamadi: Ami umeandika khutba nzima

[07:31] Ami Seif: Na wewe utakuja kuyala

[07:40] Hamadi: Kweli lakini. Rukia nami nipe mbegu nipande Wete. Nitie kwenye kitalu nihamishe baadae, kama tungule

[07:44] Shangazi Salma: LA. Shibiti haihamishwi. Mzizi wake mmoja mrefu unakwenda moja kwa moja chini, ni jamaa moja na karoti na kotmiri na uzile. Ukiung'oa ukaukata ncha, mmea unakaa wiki nzima umezubaa, halafu unakimbilia maua. Mwaga mbegu pale pale itakapokaa.

[07:46] Rukia: Na usizizike Hamadi. Mbegu zenyewe nyepesi bapa, zinataka mwanga. Zimwage, zifunike kwa udongo wa kupepeta kidogo tu, umwagilie kwa lile kopo lenye matundu. Ukimwaga ndoo zote zinakusanyika pembeni. Wiki moja mpaka mbili zinachomoza, nyembamba kama nyuzi, utadhani majani ya porini

[07:47] Hamadi: Na kuku wa Bibi?

[07:47] Rukia: Wavu. Hamna dawa nyengine ya kuku wa Bibi

[07:49] Hamadi: Nikitia kwenye ndoo ile ya rangi ya lita 20?

[07:55] Ami Seif: Inafaa, ni ndefu, mzizi unapata nafasi. Itoboe chini. Mbolea ya ng'ombe kidogo na iwe imeoza, ukizidisha inakuwa laini na upepo wa kusi unailaza yote. Iweke mahali panapopata jua la asubuhi, la alasiri liishie ukutani. Zikishafika kidole kimoja zipunguze, zilizobaki ziachane kama shibiri. Ulizong'oa unakula.

[07:56] Ami Seif: Na usipande zote siku moja! Kila wiki mbili mwaga kidogo. Rukia sikiliza na wewe. Mie nilikwambia mwezi wa tano, ukaona kazi. Ungekuwa na kitanda kichanga sasa hivi, mpishi angekuwa anacheka.

[07:58] Rukia: Ami 🙈 leo leo namwaga

[08:20] Bibi Mize: [Ujumbe wa sauti 1:12]

[08:26] Hamadi: Kwa walioko kazini: Bibi anasalimia wote. Anasema hizo mbegu zikikauka apelekewe, mtoto wa Zuwena ana chango, usiku kucha analia. Zichemshwe kijiko kimoja, maji yachujwe, anyweshwe kidogo kidogo. Anasema nyinyi nyote mlinyweshwa na hakuna aliyekufa

[08:41] Sabra: Bibi shikamoo. Nakuomba radhi, hapa nitasema kama muuguzi, si kama mjukuu. Mtoto ana wiki tano. Chini ya miezi sita hapewi chochote ila maziwa ya mama, hata maji matupu hapewi. Tumbo lake dogo likijaa maji ya mbegu, maziwa hayaingii, na maji yenyewe au kijiko kikiwa si safi ndio kuharisha.

[08:43] Sabra: Zuwena, akimaliza kunyonya mbebe wima begani mpaka acheue. Na mlalishe kifudifudi mapajani mwako umpapase mgongo, ukiwa macho. Kulia jioni jioni umri huu ni kawaida, kunapungua akifika miezi mitatu minne. Ukiona homa, au anatapika rangi ya kijani, au damu kwenye choo, usimsubiri mtu, njoo hospitali.

[08:52] Bibi Mize: [Ujumbe wa sauti 0:31]

[08:55] Hamadi: Bibi anasema mbona madukani kuna dawa ya chupa ya chango na hospitali hamuikatazi

[09:10] Shemegi Ussi: Bibi, hiyo ya chupa ilianzia Uingereza mwaka 1851, na ndani mlikuwa na hayo hayo mafuta ya shibiti. Na kwa miaka mingi mlikuwa na pombe pia

[09:11] Hamadi: Nimemsomea

[09:12] Hamadi: Bibi anasema Astaghfirullah 😂😂 anasema haitaki tena hata kuisikia

[09:14] Zuwena: Bibi, je nikinywa mie?

[09:20] Sabra: Wewe kunywa, kiasi cha chakula tu. Kikombe kimoja cha mbegu zilizochemshwa hakina neno. Usinywe birika zima.

[09:24] Hamadi: Bibi kasema sawa, anywe mama. Lakini na kitunguu apunguze

[09:25] Zuwena: 😅 Sawa Bibi

[12:40] Shemegi Ussi: Jamani hamjasahau Makunduchi wiki ijayo. Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu, nyumba haikosi mgeni, ikikosa ni mkosi, na mie mgeni wangu ni nyinyi. Samaki msilete, changu wapo. Leteni mdomo

[12:44] Shangazi Salma: Ingekuwa niko huko ningewapikia wali wa shibiti. Wairani Nairuzi yao, mwaka mpya wa Machi, lazima wali wa majani na samaki. Nyinyi mna Nairuzi yenu ya Julai na samaki mnao, mmekosa majani tu!

[12:45] Rukia: Shangazi nifundishe, majani laini ya chini nnayo bado

[12:59] Shangazi Salma: Basi. Mchele wa basmati ukoshe mpaka maji yawe safi, uroweke kwa chumvi saa moja. Chemsha maji mengi na chumvi kama unapika tambi. Tia mchele, ukiuma punje nje laini ndani kuna kiini kigumu, mwaga kwenye chungio hapo hapo. Wao hutia baghala mbichi (maharage mapana), wewe tia mbaazi mbichi zilizokwisha kuchemshwa, saa hizi ndio msimu wake. Shibiti nyingi, si kijiko, FUNGU zima limekatwakatwa, shina nene utoe.

[13:02] Shangazi Salma: Sufuria tia samli na mafuta, tandaza wali mtupu chini, halafu tabaka la wali, shibiti, mbaazi, wali, shibiti, mpaka uishe, upange kama kilima. Toboa matundu kwa mpini wa mwiko. Zafarani iliyoloweka unyunyize juu. Funika kwa kitambaa na kifuniko, moto mdogo chini. Nusu saa au zaidi. Usifunue funue.

[13:03] Hamadi: Na makaa juu tusipalie?

[13:04] Shangazi Salma: Usipalie, tunataka ukoko wa chini. Huo ukoko Wairani wanaugombania, unapakuliwa wa mwisho na mgeni anapewa kwanza

[13:05] Hamadi: Basi mie ni Muirani, wa damu

[13:06] Shemegi Ussi: Mgeni wa kwanza ni mama yangu. Ukoko umeshapata mwenyewe

[13:11] Rukia: Lakini Shangazi si mlisema shibiti haipendi moto? Kwenye mchuzi naitia mwisho

[13:18] Shangazi Salma: Na uendelee. Kwenye chukuchuku ya changu unaepua sufuria kwanza, ndimu, halafu shibiti, funika dakika mbili upakue. Ikichemka harufu yote inakwenda na mvuke unabaki na majani ya kijani yasiyo na kazi. Wali unastahamili kwa sababu ya wingi, na mvuke umefungiwa ndani. Mbegu ndiyo kinyume chake, kaanga kwenye mafuta mwanzo kabisa pamoja na thomu, Wahindi wa hapo mjini wanajua, na dengu ni tamu khasa.

[13:20] Ami Seif: Na ya kuchovea: mtindi uliochujwa, tango la kukwaruza ulikamue maji, thomu punje moja, chumvi, shibiti. Kwa changu wa kuchoma hakuna mfano. Mie pilipili mbichi natia, mpishi ananuna

[13:22] Sabra: Ussi kashaanza kuniuliza mtindi uko wapi

[13:31] Rukia: Swali la mwisho nisiwachoshe. Miavuli nitakayobakisha ya mbegu, ntajuaje tayari?

[13:37] Ami Seif: Mbegu zikigeuka hudhurungi, usisubiri zikauke shambani zote, zinapukutika. Kata mwavuli asubuhi na kipande cha shina, utie kichwa chini kwenye mfuko wa karatasi, uning'inize penye hewa. Mfuko wa plastiki usitie, kwa unyevu wetu zinavunda. Zikikauka zifikiche, chupa yenye kifuniko cha kukaza. Zitakazoanguka chini ziache, zitaota zenyewe mvua za vuli.

[13:38] Ami Seif: Alkhamis gari ya stoo inatoka Mwanakwerekwe, inapita kwako saa moja kamili. Uwe ushachuma kabla ya jua, mashina kwenye maji, usiyalowanishe majani. Maua mfuko wa mbali.

[13:39] Rukia: In shaa Allah. Nitakuwa barazani

[13:40] Hamadi: Na mbegu zangu?

[13:40] Rukia: HAZIJAKAUKA HAMADI

[13:41] Hamadi: Basi naanza na wavu