MJADALA: Baiskeli zitolewe kwenye lami kubwa Tabora mjini, au na madereva nao wabanwe?

Mleta mada

Mwangaluka wakuu. Hii kitu imepamba moto vijiweni hapa Tabora mjini na naona tuiweke mezani tuiongee vizuri maana kila mtu anabwabwaja kivyake. Hoja inayozunguka ni kwamba baiskeli zisiruhusiwe kwenye lami kubwa asubuhi na jioni, zipite mitaani ndani, na wengine wanaongezea kila baiskeli iwe na namba na leseni kama pikipiki. Sababu wanayotoa ni moja tu, eti waendesha baiskeli hawafuati sheria. Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Isevya, na msimamo wangu nautoa mapema: sheria tufuate wote, lakini kumpita mtu kwa usalama sio zawadi ya tabia nzuri. Dereva hawezi kusema nitamheshimu siku akijifunza sheria, alafu leo akampitia mzee wa watu karibu mpaka saidi mira inagusa gunia.

Nianze na makosa ya upande wetu nisije nikaambiwa nawafunika. Kubwa kuliko yote ni kwenda rongi saidi, yaani mtu yupo kulia anakabiliana na magari uso kwa uso. Ukimuuliza anakwambia bora nimuone anayekuja kuliko nigongwe mgongoni, na ukifuatilia unakuta hii ameitoa shule ya msingi, tulifundishwa mtembea kwa miguu atembee kulia aone gari inayokuja, na kwa mtembea kwa miguu ni sahihi kabisa, ila hakuna aliyekaa na sisi akatuambia ukishapanda baiskeli unahamia kushoto pamoja na magari. Hesabu yake ni nyepesi. Gari ipo spidi 50, baiskeli 15, mkielekea upande mmoja anakusogelea kwa 35, mkikabiliana ni 65, kwa hiyo muda wa dereva kufanya chochote unakatika karibu nusu. Kwenye makutano ndio balaa zaidi, dereva anayetoka mtaani anakata kushoto kuingia lami anaangalia kulia kwake maana magari ya upande anaoingia yanatokea huko, sasa wewe unamtokea kushoto ambako wala hategemei mtu.

La pili ni giza. Wabeba mkaa wanatoka vijiji vya Uyui na njia ya Sikonge alfajiri kabisa ili wakifika mjini wateja ndio wanaamka, hana taa, hana chochote kinachong'aa. Watu wanadhani ni ubishi tu. Dinamo, kile kifaa kinachozungushwa na tairi kuwasha taa, wateja wenyewe wananiambia fundi ing'oe, kwa sababu ikigusa tairi pedeli inakuwa nzito na yeye ana mzigo na safari ndefu. Na ile reflekta nyekundu ya nyuma kiwanda kimeifunga kwenye madigadi, ukishalaza gunia kwenye keria imefunikwa, haionekani tena. Dawa yake ni kuishusha au kuifunga kwenye gunia lenyewe, kitu cha bei ndogo sana, mimi wateja wangu wa mkaa nawafungia na ninawasihi wenzangu mafundi tufanye hivyo hivyo.

Kuhusu kutosimama kwenye makutano, hapa naomba watu wa magari wasikilize. Mtu mwenye gunia mbili kwenye Phoenix akisimama kabisa hawezi kuondoka akiwa amekaa juu, anashuka, anasukuma, anatafuta balansi, anapanda tena, na muda wote huo yupo katikati ya makutano anayumba. Hilo halimpi ruhusa ya kukatiza mbele ya gari, ila linaeleza kwa nini anapunguza, anachungulia, anapita. Kuna jimbo Marekani linaitwa Idaho, tangu 1982 sheria yao inamruhusu mwendesha baiskeli kwenye kibao cha kusimama apunguze, aangalie, apishe mwenye haki, alafu aendelee bila kusimama kabisa. Kwa hiyo hata walioendelea waliona baiskeli sio gari dogo. Na masika usisahau, hizi baiskeli zetu zina ringi za chuma, raba za breki zikilowa zinateleza tu, anayekata mbele yako akadhani utasimama palepale hajui anachokifanya.

Sasa upande wa pili. Ninachoona kijiweni kwangu ni ringi zimepinda na pedeli za kulia zimevunjika, na wengi wanakuja na hadithi ileile, alikuwa ananipita. Alikuwa ananipita na kule mbele kuna gari inakuja, hakutaka kusubiri, akanibana. Mwingine anakupigia honi akiwa ameshafika mgongoni, ukishtuka unaingia kwenye changarawe, na pale lami ilipoisha kuna ukingo umemegeka, tairi nyembamba ikishuka hapo na mzigo hairudi, unaanguka na mara nyingi unaangukia barabarani. "Kaa pembeni" ni rahisi kulisema ukiwa umekaa kwenye kiti. Pembeni yenyewe bajaji zimepaki, bodaboda wanasubiri abiria, mama kapanga maembe. Na spidi? Kwenye makazi ni 50, inajulikana, kuna vibao, nani anakwenda 50 akiwa hajaona trafiki? Wanamulikana taa barabarani wapeane taarifa trafiki yupo wapi, alafu haohao wanasema baiskeli ndio hawana sheria.

Na kinachoniuma zaidi, dereva mmoja wa Noah akifanya upuuzi tunasema yule dereva mjinga. Mwendesha baiskeli mmoja akifanya upuuzi inakuwa "hawa watu wa baiskeli". Mzee wa watu anayekwenda kushoto kwake taratibu anaadhibiwa kwa kosa la kijana asiyemjua.

Makosa yanaweza kulingana lakini madhara hayalingani. Spidi ikiongezeka mara mbili nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne, na uzito wa lori ndio usiseme. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inasema barabara zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka duniani, zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Karibuni, madereva mje pia msiogope, ila mje na hoja.

Dereva wa Fuso, njia ya Urambo

Fundi umeongea vizuri ila ngoja nikwambie hali ya kwenye usukani maana hujaigusa. Njia ya Urambo jioni unakwenda magharibi, jua lipo usoni kabisa, kioo kina vumbi, mtu wa baiskeli na shati la kaki anapotea kabisa mbele yako. Likishazama ndio mbaya kuliko. Nje ya mji nikiwa 80 nakula mita 22 kila sekunde, nikipishana na basi nashusha taa, taa za chini zinanionyesha vizuri mita kama 40 hivi, kwa hiyo nina chini ya sekunde mbili kumuona mtu asiye na reflekta, kufikiria, na kukanyaga breki nina mzigo wa tumbaku nyuma. Haiwezekani fundi. Sio roho mbaya, haiwezekani.

Unasema tupunguze. Sawa, ila nikipunguza nyuma basi linanisukuma kwa honi. Na kitu kingine hamkisemi, nikimgonga mtu wa baiskeli hata kama yeye ndiye kaingia barabarani ghafla, siwezi kushuka kumsaidia, wananchi watanimaliza hapohapo, inabidi nikimbilie kituo cha polisi. Hilo linatuumiza na sisi, mnadhani tunalala usingizi? Alafu gunia tatu! Mbili pembeni moja juu, haoni nyuma, hageuki, upana wake kama bajaji. Huyo kwa kweli mimi nasema asiingie lami.

Mzazi, Ng'ambo

Mnaongea mkaa na Fuso mnasahau watoto. Asubuhi wanaotoka mbali kwenda sekondari wanakwenda na baiskeli, na wengi ni baiskeli kubwa za baba zao, miguu haifiki chini. Mkisema wapite mitaani ndani mnajua masika njia za ndani zinakuwaje? Tope, mitaro, na asubuhi bado kuna giza, mtoto wa kike namwambiaje apite vichochoroni? Mimi naomba tuta na kibao cha 30 karibu na shule na mtu wa kuwavusha, hayo mengine mtajadili nyie wanaume.

Mchangiaji, Cheyo

Mimi ndio mmoja wa wale wa namba na leseni na sioni aibu. Pikipiki ina namba, akikosea unamripoti. Baiskeli ikinikwaruza gari mlangoni anapotelea Kanyenye huko namtafuta wapi? Wazee wanakumbuka zamani baiskeli zilikuwa na leseni na watu walikuwa na adabu. Kitu kikiwa hakina jina hakina nidhamu. Nani analipa rangi yangu?

Mleta mada

Nawajibu wote.

Ndugu wa Cheyo, kukwaruzwa gari inauma, sibishi, na aliyekukwaruza alipaswa asimame muelewane. Ila namba haitafanya unachotaka. Bodaboda wana namba, wana leseni, wanafuata sheria? Jibu unalo. Uswisi walikuwa na stika ya bima ya lazima kwa kila baiskeli, nchi tajiri yenye mpangilio, wakaifuta kuanzia 2012 wakaona usumbufu wa kuiendesha haulingani na faida. Sisi tutaanza kukimbizana na mzee wa Sikonge mwenye baiskeli ya miaka ishirini eti akalipie kibao cha namba? Na faini je, umewaza? Bajeti ya 2021/22 serikali iliona elfu 30 ni kubwa mno kwa bodaboda na bajaji ikaishusha mpaka elfu 10. Mbeba mkaa utamtoza kiasi gani? Utamkamata, utachukua baiskeli, itaozea uani kituoni, na familia ile imekwisha. Wengi wa hawa hawajawahi kuambiwa sheria yenyewe ni ipi. Dereva angalau kuna siku alikaa darasani au alitakiwa akae.

Kuhusu nani analipa, hili ni swali zuri kuliko unavyodhani. Gari yako ina bima, hata ile ndogo ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na maana yake ni kwamba nchi ilishakubali gari ndiyo yenye uwezo wa kuumiza watu wengine. Uholanzi wamekwenda mbali zaidi, gari ikimgonga wa baiskeli mzigo wa fidia unaanzia kwa mwenye gari, na aliyegongwa akiwa mtoto chini ya miaka 14 karibu mara zote analipwa yote hata kama mtoto ndiye kakosea. Kule madereva wanapanda baiskeli na wao, labda ndio maana waliielewa haraka.

Mama wa Ng'ambo, hoja yako ndiyo inayoua lile pendekezo la kupita ndani. Barabara za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na lami kubwa ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na ukweli ni kwamba za ndani hazijajengwa mtu apite na baiskeli mwaka mzima. Ukimtoa mtu kwenye lami lazima kwanza umuonyeshe pa kupita. Kama bega la lami lingekuwa pana, lisingekuwa stendi ya bajaji, na ukingo ungezibwa pale ulipomegeka, nusu ya huu ugomvi ungekufa wenyewe. Na tuta karibu na shule naunga mkono mia kwa mia, hilo lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa, sio liishie hapa.

Kaka wa Fuso, wewe nimekuelewa na nakushukuru kwa kusema ukweli wa kwenye usukani. Lile la sekunde mbili naomba kila mbeba mkaa alisikie, nitawaambia kwa hesabu hiyo hiyo yako maana wengi wanaamini kwamba kwa sababu wao wanaiona gari basi na gari inawaona. Ila geuza hesabu yako hiyohiyo upande wa pili. Kama taa zako zinakuonyesha mita 40 na wewe unakwenda spidi ambayo huwezi kusimama ndani ya mita 40, hapo mbele sio baiskeli tu, anaweza kuwa ng'ombe, gogo, mtoto, lori limeharibika halina taa. Spidi ya usiku inapangwa na unachokiona, haipangwi na kibao wala na basi linalopiga honi nyuma. Basi lipishe likapite. Na ukimfikia mtu wa baiskeli kuna gari inakuja mbele, subiri nyuma yake, mkishapishana mzunguke na umuachie mita moja na nusu. Kusubiri huko ni sekunde chache mno.

Kuhusu wananchi wenye hasira nakubaliana na wewe, ni kosa na ni unyama, mtu aliyegongwa anakosa msaada wa kwanza kwa sababu dereva kakimbilia polisi kuokoa roho yake. Hili tunatakiwa kulisema sisi wenyewe wa baiskeli, kwa sababu anayelala pale barabarani ni wetu.

Dereva wa Fuso, njia ya Urambo

Kusubiri nyuma nimekubali na vijana wangu nitawaambia. Mita moja na nusu kwenye lami ile nyembamba nikiwa na lori, nakuahidi pale ambapo barabara ipo wazi. Gunia la tatu bado sijakubali fundi. Wewe ndio unawafungia keria, waambie mbili.

Mleta mada

Gunia la tatu linaziba macho yake na linavunja keria yangu, hapo tupo pamoja. Ila akiniuliza hela ya gunia la tatu ataipata wapi, nimjibu nini? Walanguzi wa mkaa nao waje hapa watuambie bei wanayomlipa, maana nao wanachangia kupanga uzito wa ile baiskeli.