Canon 80D au Sony a6000 za mtumba, nichukue ipi?

Wakuu naombeni ushauri, nipo Mwanza huku Igoma, napiga picha za harusi na sendoff, jioni nashuka pale jiwe la Bismarck kupiga watu na machweo. Kamera niliyokuwa naazima mwenyewe kaichukua (hata hakunistua, basi tu) sasa nimepata mbili za mtumba bei zinakaribiana, Canon 80D ambayo ni DSLR (ile yenye kioo ndani) na Sony a6000 miralesi (isiyo na kioo).

Canon betri inatajwa picha 960 kwa chaji moja, Sony kama 360 hivi, na umeme wetu mnaujua. Ila Sony nyepesi jamani, na picha unaiona ilivyo kabla hujabonyeza. Lenzi za Canon za kuazima huku ndo nyingi. Shata (kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga ukipiga picha) nakaguaje nisipigwe?