Griha pravesh (ibada ya Kihindu ya kuingia nyumba mpya) ghorofani: havan (ibada ya moto) sebuleni, juu ya paa au hekaluni?

BintiUpanga
Habari zenu. Tumepata fleti ghorofa ya 6 hapa Upanga, na maharaj, kuhani wetu, ametupa muhurat (saa yenye heri) ya Alhamisi saa 12 na nusu asubuhi. Kanuni za jengo zinakataza moto wa wazi ndani, na kelele kabla ya saa 2. Bibi yetu, Ba, ana miaka 81, anasema nyumba isiyofanyiwa havan ni kuta tu. Tunafikiria njia tatu: havan ndogo sebuleni, havan juu ya paa, au havan hekaluni halafu nyumbani tuweke kumbh, chungu cha baraka. Mliopitia haya naombeni ushauri.

MamaNyali
Hongera mwanangu. Sisi Mombasa tulifanya juu ya paa. Ruhusa haikusumbua, upepo ndio ulitutesa. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi imepamba moto. Kila maharaj akimimina samli ndimi zinalala upande, majivu yakaenda kutua kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Shuka nne nilizifua kwa mikono yangu. Mkienda paani tafuteni kona yenye ukuta, na kund, chombo cha moto wa havan, ikae juu ya mchanga na matofali. Ila moyoni nilibaki na kitu: mlango tuliotaka ubarikiwe ulikuwa ghorofa nne chini yetu.

FundiKengele
Kazi yangu ni kufunga kengele za moto. Sebuleni kwa kawaida kuna kigundua moshi, jikoni mara nyingi kuna cha joto. Moshi wa samli na kuni za mwembe utakiamsha cha sebuleni mara moja. Nawasihi, msikifunike kwa mfuko wa plastiki! Nimewahi kukuta kimoja kimefunikwa miezi mitatu baada ya sherehe, watoto wanalala chini yake. Uongozi uite fundi azime upande wa fleti yenu kwa saa moja, mtu asimame na mtungi wa kuzimia moto, kisha fundi awashe tena kabla hajaondoka. Wakikataa, basi sebule iacheni.

Mzawa77
Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu. Wasikutishe.

KatibuWakazi
Ndugu Mzawa, hakuna anayezuia ibada. Kanuni hiyo ya moto inambana hata anayechoma mishikaki kibarazani. Mimi ni katibu wa kamati kwenye jengo jingine, na barua za namna hii nimeshasaini kadhaa. Dada, andika wiki mbili kabla: saa, idadi ya wageni, magari, na nani atasimamia moto. Mimi huongeza sharti moja tu, viatu visizibe ngazi. Ukianza na Katiba, wajumbe wananuna kabla hawajasoma ombi.

MwanaWaMaharaj
Dada, mimi ningechagua hekalu bila kusita. Kwetu Wagujarati kuweka kumbh ni ibada yenye uzito wake. Chungu cha shaba chenye maji, popoo na sarafu, majani matano ya mwembe mdomoni, nazi juu. Mama wa nyumba anakibeba, anavuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Halafu maziwa jikoni, yachemke mpaka yafurike yamwagike ukingoni mwa sufuria. Hapo ndipo nimewaona wazee wakitokwa na machozi, na hakuna kanuni inayokataza kuchemsha maziwa. Kuhusu saa, mwambie maharaj aangalie choghadiya nyingine, yaani kipindi kingine cha siku. Mchana umegawanywa mara 8, na Alhamisi baada ya shubh ya asubuhi kuna labh mchana, vyote ni vipindi vya heri.

JiraniMwema
Mimi ni Mwislamu, jengo letu lina familia tatu za Kihindu. Mmoja alibisha hodi siku mbili kabla, akatueleza kutakuwa na kengele na udi. Baadaye akaleta sinia ya ladu. Tukiwa na hitma kwetu, yeye hutuachia nafasi yake ya kuegesha gari.

BintiUpanga
Asanteni sana, mmenitua mzigo. Maharaj amekubali: havan asubuhi hekaluni, Kisutu, Ba akae mbele kabisa, kumbh nyumbani saa 7 kasorobo. Barua nimepeleka leo. Limebaki toran, pambo la kutundika mlangoni, maana misumari hairuhusiwi.

MamaNyali
Chukua fimbo ya pazia ya kubana, ile isiyotoboa ukuta, ikaze ndani ya fremu, funga koja la maua na majani ya mwembe kwa uzi. Majani yachume asubuhi ileile, ya jana hujikunja.