Ukoo wa Mzee Mfaume: field ya Zuhura

*19:04 Da Neema:* Assalam aleikum wote. Zuhura wetu wa chuo cha ustawi wa jamii anaanza field (mafunzo kwa vitendo) tarehe 14, wiki nane, na barua ya kupokelewa bado hana. Leo tunataka mambo mawili: mtu wa kupeleka barua Manispaa ya Morogoro, na pa kulala.

*19:06 Da Neema:* Barua ya utambulisho ya chuo inaandikwa kwa Mkurugenzi, kwa hiyo ipelekwe masjala, pale wanapopokea barua. Igongwe muhuri wa kupokelewa, mrudi na nakala yenye muhuri na tarehe. Msimwachie mtu mkononi kule idara ya ustawi, zinapotelea mezani. Bila majibu ya manispaa hapewi msimamizi.

*19:31 Da Neema:* Naona tiki za bluu kumi na moja.

*19:40 Kaka Idd:* Tumeona dada. Lazima Morogoro? Ba'mdogo ni mtendaji wa kata kule Kibaha, kwake barua inapita siku moja.

*19:42 Da Neema:* Hapana. Mwanafunzi akikuta jalada (faili la kesi) la ndugu au jirani anatakiwa amwambie msimamizi lipewe mwingine. Kata nzima inamjua kuwa mtoto wa mtendaji, atabaki na jalada gani? Na nani atamfungukia?

*19:50 Shaa:* Kwani ustawi si kugawa mablanketi 😂 Zuhura nikumbuke, langu la bluu

*19:51 Juma Moro:* Na mimi la mistari

*19:51 Mama Zuhura:* 😂😂

*19:58 Da Neema:* Shaa, chuo cha Ustawi pale Kijitonyama kimeundwa kwa sheria ya Bunge ya 1973. Na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto akishtakiwa mahakama inataka taarifa ya afisa ustawi. Hakimu hajafika nyumbani kwa huyo mtoto, aliyefika ni afisa. Ndiyo kazi anayokwenda kujifunza.

*20:03 Zuhura:* Shikamooni wakubwa zangu. Da Neema, taarifa yangu ya mazoezi imerudishwa. Niliandika "mama ni mzembe", mwalimu kapiga mstari mwekundu.

*20:11 Da Neema:* Marahaba. Kapiga mahali pake. "Mzembe" ni neno lako, halimsaidii hakimu. Andika ulichokiona, na kila ulichoambiwa umtaje aliyekwambia ni nani kwa mtoto: "Saa 5 asubuhi watoto wawili walikuwa peke yao. Jirani alisema mama huondoka saa 11 alfajiri kwenda sokoni." Hapo hata uzembe wenyewe unaanza kuwa na sura nyingine. Maoni yako yakae mwisho, pamoja na mapendekezo. Na mtoto umsikilize peke yake pia, mkae mnapoonekana lakini hamsikiki.

*20:14 Da Neema:* Logibuku, daftari lako la kazi za kila siku, jaza jioni ileile. Wengi wanaangushwa na kujaza wiki nne usiku mmoja: wino mmoja, mwandiko mmoja, hadi Jumapili imo. Jina la mteja usiandike, herufi mbili zinatosha. Mtoto usimpige picha kwa simu yako, hata ya mgongo.

*20:20 Zuhura:* Asante dada. Na jenogramu, ule mchoro wa familia ya mteja?

*20:26 Da Neema:* Mwanaume mraba, mwanamke duara, marehemu X ndani ya umbo lake. Mwenye kesi umbo lake lichore kwa mistari miwili. Vizazi vitatu, mtoto mkubwa aanzie kushoto. Wanaolala nyumba moja wazungushie vidoti. Wenye ugomvi waunganishe kwa mstari wa meno ya msumeno.

*20:29 Shaa:* Chora wetu basi! Msumeno toka kwa Shangazi Tatu mpaka kwa Ba'mdogo, wino utaisha 😂😂

*20:30 Juma Moro:* 🙊

*20:47 Shangazi Tatu:* Shaa, nipo humu nasoma. Shamba la Mkuranga liliuzwa nikiwa ndani ya eda. Aliyesaini anajijua. Nilinyamaza, leo mmenichora.

*20:55 Ba'mdogo Hamisi:* Tatu, hayo yalizungumzwa mbele ya Mzee, Mungu amrehemu.

*20:56 Shangazi Tatu:* Mzee ambaye hata kuona alikuwa haoni?

*21:02 Da Neema:* Jamani, masjala wanafunga saa 9 na nusu. Jumatatu anakwenda nani?

*21:40 Bibi (anaandika Asha):* Nimesomewa yote. Mjukuu wangu hatapanga chumba Morogoro wakati Tatu yupo. Na la Mkuranga halijaisha, mimi ndiye niliyeliacha. Hamisi, njoo Ijumaa baada ya sala, na karatasi zako zote. Shaa, futa ulichoandika.

*21:41 Shaa:* _Ujumbe huu umefutwa_

*21:41 Shaa:* Nisamehe Shangazi.

*21:44 Ba'mdogo Hamisi:* Nimekusikia mama.

*22:18 Shangazi Tatu:* Mama, chumba kipo. Godoro hakuna. Na barua mimi sipeleki.

*22:20 Da Neema:* Asante sana Shangazi. Godoro juu yangu. Barua je?

*22:51 Juma Moro:* Jumatatu nipo mjini hadi saa 4, nitaangalia

*22:52 Da Neema:* Unaangalia au unapeleka?

*06:15 Ba'mdogo Hamisi:* Karatasi nyingine anazo Idd.

*06:21 Kaka Idd:* Mimi?

*06:40 Da Neema:* Zuhura, toa nakala tatu za barua. Moja umtumie Juma kwa basi la leo.