Stesheni ya mfano ya reli ya zamani kwa uwiano wa 1:87: nitumie malighafi gani?

MpendaReli_Tanga:
Ndugu zangu, salaam. Nina ubao wa mita 2.4 kwa sentimita 60 ambao nimekwisha kuutandika reli za HO (treni za mfano za uwiano wa 1:87), na sasa nataka kuujengea stesheni ndogo ya aina tunazoziona kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1893: kuta zilizopigwa lipu na kupakwa chokaa, paa la mabati, baraza upande wa jukwaa la abiria, na kando yake ghala la mizigo. Majengo ya mfano yanayouzwa yakiwa tayari kuunganishwa hufanana zaidi na vijiji vya Ujerumani na Uingereza, kwa hiyo nimeamua kujitengenezea. Muda nilio nao ni wa jioni baada ya kazi, tena juu ya meza ambayo hutakiwa wakati wa chakula. Naomba ushauri kuhusu malighafi, kuhusu namna ya kupata vipimo bila kuwa na ramani ya jengo, na hasa kuhusu mabati ya migongo, kwa sababu mawimbi ya kadibodi ya boksi ni makubwa mno kwa kipimo hiki.

Seremala_wa_Karatasi:
Ndugu MpendaReli, vipimo havihitaji ramani. Omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, egemeza ukutani fimbo ya mita moja iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi kila sentimita 10, kisha piga picha ukiwa umesimama mkabala na ukuta, si kwa mshazari. Kutokana na fimbo hiyo utapata kimo cha kila kitu kilicho kwenye ukuta huohuo. Katika 1:87, mita moja huwa milimita 11.5, mlango wa mita 2.1 huwa milimita 24, na mtu mzima hukaribia milimita 20. Jengo la mita 18 litakula sentimita 20 na ushei za ubao wako. Ukiona ni refu mno, punguza idadi ya madirisha, lakini usipunguze ukubwa wa dirisha wala mlango, kwa maana jicho husamehe jengo fupi ila halisamehi mlango ambao abiria hawezi kupita.

Kuhusu malighafi, mimi hutumia kadibodi ngumu ya kijivu, ile ya majalada ya vitabu. Kwa kuwa uko pwani, ipake vanishi pande zote mbili kabla ya kuikata, la sivyo unyevu utaipinda. Kata kwa kisu kikali na rula ya chuma, ukipitisha kisu mara nyingi kwa mkono mwepesi, na bandika vipande vya mbao kwenye pembe za ndani. Lipu usiitengeneze kwa mchanga: chembe ya nusu milimita ni sawa na kokoto ya sentimita 4 katika uwiano huu, na ukuta utaonekana kama umepigwa zege bila kusawazishwa. Rangi ya maji ya ukutani iliyochanganywa na poda ya mtoto kidogo inatosha.

Fundi_Mabati:
Aliyotangulia kusema mwenzangu ni sahihi, ila mimi ningeweka nusu ya muda wako wote kwenye paa. Stesheni halisi tunaitazama kutoka chini, lakini hii ya mezani utaitazama kutoka juu, kwa hiyo kitakachoonekana kwanza ni bati.

Bati la kawaida la migongo lina umbali wa milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, ambao kwako ni milimita 0.87. Bolti ya M5, yaani ya unene wa milimita 5, ina hesi zilizoachana kwa milimita 0.8, tofauti ambayo hakuna atakayeiona. Tafuta iliyo ndefu, yenye hesi mwanzo hadi mwisho. Kata vipande vya trei ya alumini ya kuwekea chakula, vilaze juu ya mpira laini, kisha viringisha bolti juu yake huku ukiikandamiza. Mistari itakwenda upande kidogo kwa sababu hesi zenyewe zimelala, kwa hiyo kata bati kwa kufuata migongo, usifuate ukingo wa trei.

Usifunike paa kwa kipande kimoja. Bati la futi 8 ni milimita 28; kata mojamoja, anza kubandika chini ukipanda juu, ya juu ilalie ya chini, na umalizie kwa kofia, yaani bati la kufunika kilele cha paa. Paka rangi nyekundu ya kutu iliyofifia, kisha bati mbili tatu ziache ziking'aa, kwa kuwa paa la stesheni ya zamani halikosi viraka.

Geji1000:
Angalizo dogo. Reli yako ya HO ina upana wa milimita 16.5, ambao katika 1:87 ni milimita 1,435, yaani upana wa reli mpya ya SGR! Reli ya zamani (MGR) ni ya upana wa mita moja, na ingehitaji njia ya milimita 12. Binafsi nisingekubali jengo la MGR kando ya njia hiyo.

Seremala_wa_Karatasi:
Ndugu Geji1000, hesabu yako haina kasoro, lakini muulizaji amekwisha kuitandika. Majengo yakiwa ya 1:87 kamili, siku akibadilisha njia hatalazimika kuyajenga upya.

MpendaReli_Tanga:
Nawashukuru nyote. Reli zitabaki kwa sasa. Nitaanza na ghala, kwa kuwa halina madirisha na kila ukuta unaweza kukaa kwenye sinia nikiondoka mezani. Je, paa nilibandike moja kwa moja, ikiwa baadaye nataka kuweka taa?

Fundi_Mabati:
Usilibandike. Bandika kenchi chini ya paa tu, ziingie kwa kubana ndani ya kuta, ili paa linyanyuke lote kwa pamoja. Na kabla ya kuunganisha kuta, zipake rangi nyeusi upande wa ndani, kwa sababu mwanga wa taa hupenya kwenye pembe za kadibodi.